Shamba Likichoka

Mwaka 1886 Wajerumani walifanya mambo mawili yanayotuhusu sisi wakazi wa bonde la Kilombero. Shuleni nilifundishwa moja tu.

La kwanza liko kwenye kila kitabu cha historia. Kuelekea mwisho wa mwaka ule walikubaliana na Waingereza kugawana bara ambalo Sultani Barghash wa Zanzibar alilidai kuwa lake, na bonde letu likaangukia upande wao bila mtu yeyote wa Ifakara kuulizwa. La pili lilitokea Berlin, mwezi Septemba, kwenye mkutano wa wanasayansi. Mtaalamu wa kilimo aitwaye Hermann Hellriegel alisimama kueleza kwa nini njegere hustawi kwenye mchanga usio na mbolea, ilhali nafaka hudumaa.

Yeye na mwenzake, Hermann Wilfarth, walikuwa wamepanda nafaka na njegere kwenye vyungu vya mchanga. Nafaka zilifuata hesabu: ukizipa naitrojeni kidogo zinakua kidogo, ukizinyima zinadumaa. Njegere zilikataa hesabu hiyo. Chungu kimoja kilinyauka, cha jirani yake kikastawi, na vyote viwili vilikuwa vimetunzwa sawasawa. Walipouua kwa joto uhai uliokuwa ndani ya mchanga, njegere zote zilidumaa kama nafaka. Walipomwagia maji kidogo yaliyokorogwa na udongo wa shambani, zikapata nguvu. Basi kulikuwa na kitu hai ndani ya udongo, na kitu hicho kilikuwa kikiishi kwenye vile vinundu vidogo vya mizizi ambavyo watu wengi walidhani ni ugonjwa. Mwaka 1888 Mholanzi Martinus Beijerinck alifanikiwa kukitenga na kukiotesha peke yake. Walikuwa bakteria. Leo tunawaita raizobia.

Kazi yao inaelezeka hivi. Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa asilimia 78, na kila mmea unaihitaji naitrojeni ili kujenga majani na mbegu. Lakini naitrojeni ya hewani imefungamana mbili mbili, kwa fundo ambalo mmea hauwezi kulifungua. Bakteria hawa wanaliweza. Wanaingia kwenye mzizi, mmea unawajengea kinundu, unawalisha sukari iliyotengenezwa na majani, nao wanatoa naitrojeni iliyokwisha kufunguliwa. Oksijeni ikizidi kazi hiyo inakwama, kwa hiyo ndani ya kinundu kuna dawa ya kuidhibiti: rangi nyekundu iliyo ndugu wa ile inayobeba oksijeni kwenye damu yetu. Ukitaka kujua kama bakteria wako kazini, huhitaji darubini. Pasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, kazi inaendelea. Kikiwa cheupe au cha kijani, hakuna kinachofanyika humo.

Nimefanya jaribio hilo kwenye miti ya Katindiuka. Mlusina uliopandwa kando ya uzio, baada ya mvua, ulinipa vinundu vyekundu nilipochimbua mizizi myembamba kwa uangalifu. Chini ya mkwaju sikupata kitu, na vitabu vinakubali: mkwaju ni wa jamii ya mikunde, una maganda kama maharage, lakini hauna vinundu. Hapo ndipo nilipojifunza kuacha kusema kwa ujumla kwamba miti inarutubisha udongo. Mninga na mpingo, miti ambayo tumeikata kwa ajili ya vitanda, milango na zumari, ina vinundu. Ile miombo yenyewe iliyoyapa jina mapori makubwa kuanzia Morogoro hadi Zambia nayo ni mikunde, lakini mingi haina. Inaishi kwa ushirika na kuvu wa mizizini, kwa mkataba tofauti. Mtiki, ambao tangu miaka ya 1990 umepandwa kibiashara katika bonde hili, si mkunde kabisa. Mtu akitazama kutoka barabarani ataona kijani kilekile. Chini ya ardhi ni vijiji tofauti, kimoja kinaweka akiba na kingine kinaishi kwa kilichopo.

Sasa turudi kwa walioishi hapa mwaka ule wa 1886. Wandamba, Wapogoro, Wambunga na Wabena hawakuwa na habari za Hellriegel, lakini walikuwa na lugha, na lugha za kilimo katika nchi yetu zimejaa kazi na uchovu. Kwa Kiswahili tunasema shamba limechoka. Tunasema tulipumzishe. Hatusemi hivyo kuhusu kisima au mgodi. Kisima hukauka, mgodi huisha. Shamba huchoka, na anayechoka ni yule aliyekuwa akifanya kazi, na akipumzika nguvu humrudia. Mkulima aliyelima miaka mitatu au minne, akaona mavuno yanapungua, akahamia kipande kingine na kuliacha pori lirudi, alikuwa akikubali kwamba kuna kazi inayofanyika pale bila yeye. Katika pori lililorudi, miongoni mwa nyasi na vichaka, ilikuwamo pia migunga na mikunde mingine ya porini, na kwenye mizizi yake walikuwamo bakteria.

Kuchoma nako kuna mahali pake katika hesabu hii. Tukichoma pori, majivu yanabakiza fosforasi, potasiamu na chokaa, na msimu wa kwanza mazao hufurahi. Naitrojeni iliyokuwa kwenye majani na vijiti haibaki kwenye majivu; karibu yote hupanda na moshi. Ile tunayoikuta shambani baada ya moto ni iliyokuwa tayari imehifadhiwa udongoni na mizizini. Kwa hiyo moto wa mara moja baada ya miaka mingi ya mapumziko ni jambo moja, na moto wa kila mwaka ni jambo jingine.

Watawala wapya hawakuiona kazi hiyo. Waliona ardhi tupu. Shamba lililopumzishwa, kwa macho ya mtu aliyefika juzi na ramani mkononi, ni pori lisilo na mwenyewe, na mkulima anayehamahama ni mvivu. Ajabu ni kwamba nyumbani kwao wakulima walikuwa wakipokezana nafaka na mikunde kwa karne nyingi, na sasa mwanasayansi wao alikuwa amewaeleza sababu. Hata huku kwetu elimu hiyo ilifika, ila ilikaa kwenye bustani za watafiti: katika kituo cha Amani, milima ya Usambara, soya ilijaribiwa mwaka 1907. Kwa wakulima kilichofika ni amri ya kulima pamba.

Amri hiyo ni mojawapo ya sababu za vita vya Maji Maji vilivyoanza Matumbi mwaka 1905. Mwezi Agosti vita vilikwisha kufika katika bonde letu, na tarehe 30 mwezi huo boma la Mahenge, juu ya milima inayotutazama kutoka kusini, lilishambuliwa. Serikali ya Kijerumani ilijibu kwa kuchoma vijiji, mashamba na maghala. Wajerumani walihesabu vifo kuwa 75,000. Wanahistoria wa baadaye wamefika hadi 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa. Mashamba mengi ya kusini yalirudi kuwa pori kwa kukosa mikono. Kwa hesabu ya naitrojeni, ule ulikuwa muda wa udongo kujilimbikizia. Siwezi kuyaita mapumziko. Pori lile lilikua juu ya mashamba ya watu waliokuwa na majina, na wageni waliokuja baadaye wakalisifu kwa rutuba yake.

Miaka minne baada ya vita kuanza, mwaka 1909, Mjerumani mwingine, Fritz Haber, alionyesha kwamba lile fundo la naitrojeni linaweza kufunguliwa na mtambo, kwa joto kali na mgandamizo mkubwa. Carl Bosch alikifanya kipimo cha maabara kuwa kiwanda, na mwaka 1913 kiwanda cha Oppau kilianza kutoa amonia. Mwaka uliofuata vita vya dunia vilianza, na amonia ile ikageuzwa baruti. Kwenye bonde letu vita hivyo vilileta wapagazi, njaa na majeshi yaliyokula kila walichokikuta, mpaka Wabelgiji walipoichukua Mahenge Oktoba 1917. Utawala wa Kijerumani uliondoka hapa bila kutuachia mbolea ya Haber wala somo la Hellriegel.

Waingereza walikuja na vipimo. Mwaka 1929 ilitoka ripoti ya A. M. Telford kuhusu kuendeleza mabonde ya Rufiji na Kilombero. Tangu wakati huo bonde limeandikwa na kuandikwa tena kama ghala linalosubiri mlango: likipata reli, likipata mabwawa, likipata wawekezaji, litalisha nchi. Reli ilikuja kweli. TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa na Watanzania, Wazambia na Wachina kati ya 1970 na 1975, ikapita Ifakara na kufungua njia ya mpunga, ndizi na mahindi. Katika miaka hiyohiyo Operesheni Vijiji ilikusanya watu, na vijiji vingi vikapangwa kufuata reli. Sina nia ya kuibeza. Reli hiyo imesomesha watoto wengi wa bonde hili, na kijiji cha kudumu kilileta shule na zahanati. Lakini mtu aliyepewa eneo lake kijijini, na jirani kila upande, hawezi tena kuliacha shamba miaka minane. Mapumziko yakafupika kuwa miaka mitatu, kisha mmoja, kisha yakabaki kwenye methali.

Wakati huohuo Ifakara ilikuwa ikijulikana duniani kwa viumbe wadogo wa aina nyingine. Mswisi Rudolf Geigy wa Basel alifika hapa mwaka 1949, na mwaka 1957 akafungua maabara iliyokuja kuwa taasisi kubwa ya utafiti wa malaria. Ilikuwa haki kuanza na wanaoua. Hakuna mzazi wa Kilombero atakayebisha. Ila nikipita mjini huwa nawaza kwamba mbu wa Ifakara amepimwa, amehesabiwa na kuandikwa kuliko pengine mbu wa mji wowote wa Afrika, na yule bakteria wa mzizi, aliyelisha mji huohuo, hana hata kibao.

Kituo cha utafiti wa mpunga kiko kwetu Katindiuka. Wengi bado wanakiita KATRIN, ingawa sasa ni TARI Ifakara. Jina la kituo hiki linatajwa pamoja na SARO 5, mbegu ambayo wakulima wa nchi nzima wanaijua: fupi kuliko Supa ya zamani, yenye kunukia kiasi, na yenye uwezo wa kuzaa mara mbili au zaidi ikitunzwa. Hayo maneno matatu ya mwisho ndiyo yenye gharama. Mpunga hauna vinundu. Kila tani moja ya mpunga, ukihesabu punje na mabua yake, huchukua kutoka udongoni takribani kilo 15 hadi 20 za naitrojeni. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23. Maana yake, kwa kila magunia kumi ya kilo mia mia tunayopakia, karibu mfuko mmoja wa urea umeondoka shambani, hata kama hatukuwahi kununua urea. Mtu lazima aulipe. Zamani alilipa mto kwa tope lake la mafuriko, wakalipa nyasi, wakalipa bakteria. Mbegu fupi yenye mavuno makubwa inalipwa kwa mfuko.

Na mfuko unatoka mbali. Tuliwahi kuwa na kiwanda cha mbolea Tanga, kilichoanza mapema miaka ya 1970 kikitegemea malighafi nyingi za kutoka nje. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kilifungwa. Gesi ya asili inayotumika kutengeneza amonia duniani ilipopanda bei, na Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, bei ya urea Ifakara ilipanda kwa sababu ambazo hakuna mkulima wa hapa aliyezisababisha. Mfuko ulivuka shilingi 100,000. Serikali ilileta ruzuku msimu wa 2022/23 na mfuko ukashushwa hadi 70,000. Iliokoa wengi. Hata hivyo ukiirusha urea ile kwenye maji yaliyotuama, sehemu kubwa yake hugeuka hewa tena kabla mpunga haujaila. Fundo lililofunguliwa kwa gharama ya gesi ya nchi nyingine linarudi kufungwa juu ya jaruba lako.

Je, miti haiwezi kurudi kazini? Swali hilo lilikwisha kuulizwa. Katika miaka ya 1970 na 1980 mlusina ulisambazwa Afrika Mashariki kama mti wa miujiza: lishe ya mifugo, kuni na mbolea. Mwaka 1992 mdudu mdogo anayefyonza machipukizi yake, aliyekuwa amekwisha kuzunguka dunia akitokea Amerika, aliingia Kenya na Tanzania na kuiacha miti mingi ikiwa fito. Upande wa pili wa reli, mashariki mwa Zambia, wakulima na watafiti walipata mafanikio kwa kupanda sesbania shambani kwa miaka miwili kisha kuikata na kupanda mahindi. Huko Mbeya kuna wakulima wanaolima chini ya mgunga unaopukutisha majani wakati wa mvua na kuyavaa kiangazi, ili usiyanyime mazao jua. Elimu ipo. Inachodai ni vitu viwili ambavyo mkulima wa jaruba la Katindiuka hana: nafasi na muda.

Katika miaka ya 2010 watafiti wa Ujerumani, wakishirikiana na wenzao wa Tanzania na nchi jirani, walifanya majaribio ya mpunga kwenye uwanda wa mafuriko karibu na Ifakara. Walipima kinachopunguza mavuno, na naitrojeni ikaonekana kuwa miongoni mwa vikwazo vikubwa. Walionyesha pia kwamba kujenga kingo za majaruba, kusawazisha na kupalilia kwa wakati kunaongeza mavuno hata kabla ya kufungua mfuko. Kisha wakajaribu samadi na mikunde, ukiwamo mmea ambao bibi zetu waliupika: fiwi. Mpunga unavunwa kati ya Mei na Julai, unyevu unabaki chini, na fiwi inaweza kutumia unyevu huo kabla ya mvua nyingine. Si mti, lakini bakteria wa kwenye mizizi yake ni wa ukoo mmoja na wa kwenye mninga. Miaka 130 baada ya Hellriegel, Wajerumani walirudi bondeni na somo ambalo wangeweza kuja nalo mwanzo.

Mimi nalima ekari moja ya kukodi upande wa mto. Makubaliano yetu ni ya msimu mmoja, kwa mdomo, na fedha hutangulia. Nikipanda fiwi baada ya kuvuna, atakayekula naitrojeni yake ni mpangaji atakayefuata, maana bei ya kukodi inaweza kupanda na mimi nikashindwa. Mti siruhusiwi kuupanda kabisa, na mwenye shamba ana sababu: kwa mila zetu, aliyepanda mti amedai ardhi. Hofu hiyo hakuizua yeye. Ni hofu ya watu ambao mara kadhaa ndani ya miaka mia moja na ushee waliambiwa kwamba shamba walilolipumzisha ni pori la serikali.

Hapo ndipo naiona historia hii ilipofika. Bakteria hawajaondoka. Ng'oa kunde yoyote ya Katindiuka wakati wa mvua, pasua kinundu, utawakuta. Mkataba wao na mzizi unahitaji wiki chache kuanza kutoa faida, na kwa mti miaka michache. Wangu na mwenye shamba unaisha Juni. Mwaka huu nimemwomba tuandikiane misimu mitatu, kwa bei ileile, nami nitapanda fiwi kila baada ya kuvuna na kumwachia kingo za jaruba zikiwa zimejengwa. Bado analifikiria. Mbegu nimekwisha kununua, kilo nne, zimo kwenye ndoo yenye mfuniko.